Mwaka wa Vitambaa Vyeupe

Tulimzika Mama Atanasia pale Lipangalala, Ifakara, siku ya jua kali, na baada ya maziko, wakati wali unapakuliwa, kijana mmoja wa ukoo aliyeketi karibu nami aliniuliza nilifahamianaje na marehemu. Nikamwambia nilipanga kwake miaka ya tisini, nilipokuwa kwenye mradi wa picha za setilaiti. "Kumbe bibi ulikuwa fundi ving'amuzi?" akasema, kwa heshima kabisa. Nilicheka mpaka Dakta Mushi, aliyekuwa mkuu wangu wa kazi mwaka ule, akageuka na fimbo yake kuuliza kuna nini. Nilipomweleza naye akacheka, halafu kicheko kikatukatikia wote wawili, maana ambaye angecheka kutuzidi ndiye tuliyetoka kumfukia. Kijana akatoa simu, akaigusa mara mbili tatu, akatuonyesha bonde zima la Kilombero likiwa kiganjani mwake: mto, daraja la Kivukoni, mashamba ya mpunga mpaka miguuni pa milima. Akataka kujua kama picha zetu zilikuwa hivi. Sikuwa na nguvu za kumweleza pale msibani, kwa hiyo namweleza hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha upimaji ardhi bado kipya mfukoni, na ulimi mkali ambao hadi leo haujapoa. Mradi ulitaka kulitazama bonde kutoka sehemu tatu: kutoka angani kabisa kwa setilaiti, kutoka kwenye ndege ndogo, na kutoka chini kwa miguu. Mimi nilikuwa wa miguu. Picha ikisema mahali fulani ni msitu, nilitumwa kwenda kuhakikisha kwamba ni msitu kweli na si migomba ya mtu. Watu wa ofisini waliiona kazi hiyo kuwa ya chini. Mimi niliiona tofauti, na sikuona haya kulisema hilo kwa sauti: setilaiti ikikosea, anayeisahihisha ni yule mwenye matope kwenye buti.

Mradi ulipanga vyumba viwili nyumbani kwa Mama Atanasia, kimoja changu na kingine cha Dakta Mushi, ambaye siku hizo alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, mwenye kunyoosha penseli zake mezani kabla ya kuanza kazi. Sebule hatukuipanga lakini tuliivamia. Ilikuwa na makochi manne ya mbao, kila kochi limevikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama mwenyewe kwa sindano, kimepigwa pasi ya mkaa hadi kikanyooka, na ole wake aliyekiegemea na kichwa chenye mafuta. Meza ya kulia chakula ikawa meza ya ramani. Ikifika saa ya kula, tulikunja bonde zima tukaliweka juu ya kabati, halafu mama akaleta wali, perege wa kuchemsha na matembele, na msimu wake ukifika, pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa mpaka unakuwa bapa. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu siku hizo, na sijaona mahali wali unanukia kama kwenye sebule ile. Kama mtu ana ubishi na hilo, aende Ifakara kwanza ndipo tuzungumze.

Mama Atanasia alikuwa mjane, mkulima wa mpunga, mtu wa kwaya, na mtu wa kuuliza. Siku tuliyotandaza mezani picha ya kwanza ya setilaiti, kubwa kuzidi meza yenyewe, alisimama na mwiko mkononi akaitazama muda mrefu. Katika picha zile rangi si hizi tunazozijua: majani mabichi hutokea mekundu, mji hutokea kijivu, na maji hutokea meusi. "Nani kaunguza hii?" akauliza. Nikamweleza habari ya rangi. Akataka nimwonyeshe nyumba yake, nikamwonyesha doa la kijivu. Akataka nimwonyeshe kivuko, nikamwonyesha. "Na shamba langu?" Nikapeleka kidole ng'ambo ya Kivukoni, mbugani, kwenye weusi mtupu. Kando ya picha kulikuwa na rasimu ya ramani iliyochorwa kutokana nayo, na pale palipokuwa peusi kwenye picha, kwenye ramani palipakwa buluu. Akatazama buluu ile, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mimi, mwanangu, miaka yote hii nalima ziwani?"

Alikuwa anatania, ila mimi utani ule ulinikaa rohoni, kwa sababu palepale nilielewa kilichotokea. Watu wa mbugani hawaishi mbugani mwaka mzima. Mvua zikikaribia wanahama na watoto, masufuria na kuku, wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe pori. Wakishavuna wanabomoa makuti na kubeba mikeka, wanaacha nguzo tupu, wanachoma mabua na nyasi, wanarudi mjini. Setilaiti nayo haioni kitu masika kwa ajili ya mawingu. Picha nzuri zote ni za kiangazi. Ile yetu ilikuwa imepigwa wakati wenyewe hawapo, mashamba yakiwa majivu, na kwa jicho lile la juu majivu na maji vilifanana. Nilijiona nina akili siku hiyo, sitaficha.

Ningeliacha jambo lile lijirekebishe lenyewe polepole ofisini, lakini wiki hiyohiyo alikuja afisa mmoja kutoka mkoani. Nilikuwa nimeketi sebuleni nachambua mchele kumsaidia mama, na yeye na Dakta Mushi walikuwa barazani, dirisha likiwa wazi. Nilimsikia akiuliza ile buluu ng'ambo ya mto ni nini. Dakta Mushi akajibu kwamba kwa sasa inaonekana ni maji ya kudumu, isipokuwa uhakiki bado. "Safi," akasema afisa. "Kama ni maji, mpango wetu utakuwa rahisi. Tunaifunga sehemu yote, marufuku kulima, na hakuna wa kulalamika maana hakuna mtu." Akaongeza kwamba anataka ramani kamili kabla ya mvua. Nilimtazama Mama Atanasia. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Alikuwa amesikia kila neno, na yeye hakuwa na shamba jingine.

Mgeni alipoondoka nilimfuata Dakta Mushi barazani nikiwa nimewaka. Nikamwambia pale si maji, ni mashamba yaliyochomwa, na nikamweleza kwa nini. Hakunikatiza. Nataka hili lijulikane, kwa kuwa watu hupenda hadithi ambazo msomi mkubwa ni mjinga: Dakta Mushi hakuwa mjinga hata siku moja. "Nakuamini," akasema. "Lakini mbuga ile ni kubwa, wewe una miguu miwili tu. Siwezi kwenda kumwambia mkoa nimebadilisha ramani kwa sababu mama mwenye nyumba kasema. Nipe kitu kinachoonekana kutoka juu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema ndege inakuja kupiga picha za karibu, labda zitaonyesha mipaka ya mashamba. Wote wawili tulijua kwamba kwenye masizi yale huenda zisionyeshe chochote, na tukaliacha lile neno labda lituliwaze.

Ndege ya kupiga picha haiendi hivihivi. Kwanza lazima mahali fulani ardhini pawekwe alama ambazo tayari zimepimwa, ili picha nyingi ziunganishwe bila kupotoka. Tulishona misalaba mikubwa ya kitambaa cheupe cha amerikani, nikazunguka nayo mbugani na vibarua, tukaipigilia vigingi kwenye majivu. Kisha ikabidi tuwaombe watu wasiing'oe, na Dakta akasema mwenye ulimi ni mimi. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ushirika, watu wameketi juu ya magunia, wengine wamesimama mlangoni. Nilieleza vizuri, nadhani. Mzee mmoja aliuliza kama hiyo setilaiti inamwona hata akiwa chooni, nikamwambia haina muda huo. Wakacheka. Ndipo Mama Atanasia akasimama huko nyuma, kwa adabu zote, kama vile hatujawahi kuonana. "Mheshimiwa mpimaji, naomba kuuliza. Ambaye shambani kwake hamkuweka kitambaa, ndege haitamwona?" Nikajibu kwamba ndege inapiga picha kila kitu, ila palipo na kitambaa cheupe ndipo inapopimwa kwanza. Lilikuwa jibu sahihi la kitaalamu, na sijawahi kulijutia. Mama akasema asante, akaketi. Watu wakatawanyika kimya kuliko kawaida ya watu wa Ifakara.

Siku ya kuamkia safari ya ndege nilishuka Kivukoni kukagua msalaba ulio karibu na maji. Wakati huo daraja halikuwepo, palikuwa na kivuko na mitumbwi tu, na kiangazi wavukaji wa kwenda mbugani huwa wachache. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Wanawake na wanaume, kila mmoja na furushi kichwani. Nikawaamkia wakubwa, wakaitikia marahaba, na nilipouliza safari ya wapi, mmoja akasema wanakwenda kufua. Nikajiuliza mtu gani anavuka mto kwenda kufua mahali pasipo na maji, nikajibu mwenyewe kwamba yasinihusu, nikapanda juu. Asubuhi yake nilipotoka chumbani nilikuta sebule imekuwa ngeni. Makochi yote manne yalikuwa uchi, mbao tupu. Mama hakuwepo. Chai ilikuwa kwenye chupa, imefunikwa, na mihogo ya kuchemsha kando yake. Nilikula haraka haraka kwa sababu ndege ilikuwa inanisubiri.

Sikuwahi kupanda ndege kabla ya siku ile. Ilikuwa ndogo, ya injini moja, na tundu sakafuni ambamo kamera kubwa ilichungulia chini, fundi wake amepiga magoti kando yake. Mimi niliketi mbele, karibu na rubani, Kapteni Salum, mtu mpole wa Tanga, kazi yangu ikiwa kumwongoza kwenye mistari ambayo ndege ilipaswa kuifuata, kwa ramani niliyoipakata. Tulipopaa kutoka kwenye uwanja wa nyasi niliona bati za Ifakara, kisha mto ukijikunja, kisha nikaacha kuogopa. Mwanamke wa kuvaa buti, niliyezoea kutambaa bondeni kwa miguu, nilikuwa nimekaa juu yake! Nilitamani walimu wangu wa hisabati wanione, hasa yule aliyeniambia nijaribu upishi. Tukavuka Kivukoni, mbuga ikafunguka, nyeusi, na Kapteni Salum akainama kwenye kioo. "Dada," akasema kwenye kipaza sauti, "huko chini kuna harusi?"

Mbuga ilikuwa imejaa vyeupe. Huku, kule, karibu karibu, mbali mbali, hadi kwenye upeo wa macho. Mashuka, vitambaa vya meza, kanzu, mapazia, kila kimoja kimetandazwa juu ya majivu na kukandamizwa kwa mabonge ya udongo, na kando ya baadhi yao vitu vidogo vimesimama vikipunga mikono. Nilijua hapohapo sebule yangu imekwenda wapi. Kwa muda mfupi nilitaka kucheka, halafu nikabandika uso kwenye kioo, maana katikati ya vyeupe vyote vile nilikuwa natafuta misalaba yetu na siioni. Fundi wa kamera akaendelea kupiga, kwa sababu filamu ilikuwa inazunguka na mafuta yalikuwa yanaungua. Tulimaliza mistari yote, tukarudi.

Dakta Mushi alinisikiliza akiwa amesimama chini ya bawa la ndege. Sijawahi kumwona amekasirika vile, kabla wala baadaye. "Umewaambia nini watu?" Nikasema nimewaambia alichonituma niwaambie. Akasema bila alama zetu picha zile haziwezi kuunganishwa. Ndege inaondoka asubuhi, filamu imekwisha, na yeye hana njia tena ila kupeleka ramani ya setilaiti kama ilivyo. Buluu ile, kwa maneno mengine. Tulirudi nyumbani, tukaketi mezani. Mama Atanasia alikuwa amesharudi, miguu yake mieusi kwa masizi hadi magotini, amepika kana kwamba hakuna lililotokea. Akampakulia Dakta. Dakta hakugusa.

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "kwa nini mmefanya hivi?"

"Mwanangu huyu alisema mbele ya watu wote kwamba penye kitambaa ndipo panapimwa kwanza," mama akajibu, akiniongezea mchuzi. "Sasa mlitaka sisi tukae tu, tutazame nyinyi mnavyopimwa? Tukaona tupimwe wote. Kila mtu kaweka cha kwake kwenye shamba lake. Hakuna aliyeweka kwenye shamba la mwenzake, hilo nalisimamia mimi. Na misalaba yenu hatukuigusa. Kula, Dakta."

Hapo ndipo nilipoona, na nilivyoona nilisema kabla sijafikiri, kama kawaida yangu. "Dakta, ramani inasema pale ni maji. Nani anatandika shuka juu ya maji?" Akanitazama. Akalirudia swali langu polepole, kama anayelionja. Kisha akasukuma sahani pembeni, akasimama akaishusha ramani kutoka juu ya kabati, akaitandaza palepale kwenye punje za wali, akaanza kutuuliza mimi na mama, mmoja mmoja: viliishia wapi vitambaa? Na huku, kulikuwa na chochote? Nikamwonyesha mahali ambapo vyeupe vilikatika na maji ya kweli kuanza, maana kutoka juu niliuona mstari ule waziwazi. Alichora kwa penseli moja, akaivunja ncha, akachukua nyingine bila kuinyoosha. Baadaye sana, wali ukiwa umepoa, alikula wote.

Picha zilisafishwa Dar es Salaam zikarudi baada ya wiki kadhaa za kungoja. Misalaba niliipata. Mikono yake ilikuwa sawasawa, na hakuna shuka la mtu lenye umbo lile, ila ilinichukua siku nyingi nimeinama kwenye kioo cha kukuzia mpaka shingo ikakataa kugeuka. Kisha nikazibeba picha hadi kwenye ghala la ushirika, nikawaita wenye mashamba. Kila doa jeupe lilitakiwa kupata mtu wake. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nimesimama mbele ya mawaziri, lakini hakuna siku ninayojivunia kama zile za ghalani, watu wakipokezana kioo kile. "Kile cha mraba ni kitambaa cha kwaya, tuliomba ruhusa." "Hiyo ni kanzu yangu ya Ijumaa, tazama mikono." Mzee yule wa chooni alishikilia kwamba doa moja dogo ni kofia yake, na ingawa kofia haiwezi kuonekana kutoka pale juu, nilipokwenda naye shambani nilikuta shamba lipo, nguzo za dungu zipo, na majivu yapo. Nikaliandika. Dakta Mushi naye alikuwa amejifungia na tarakimu zake, akiipitia upya picha yote ya setilaiti, akijifunza kutenganisha weusi wa majivu na weusi wa maji kwa kutumia yale mashamba tuliyoyajua. Siku alipofaulu alitoka chumbani akipiga mluzi, na yeye hakuwa mtu wa mluzi.

Ramani mpya ilisomwa ghalani mvua zikiwa zinanukia. Afisa wa mkoani alikuja, akaitazama ikiwa ukutani, akauliza mbona buluu imepungua. Dakta Mushi hakumjibu kwa kirefu. Akageuka akawaomba wenye mashamba ng'ambo ya Kivukoni wasimame. Ghala likasimama. Afisa akawatazama, akaitazama tena ramani, mahali ambapo sasa palikuwa na njano ya mashamba ya mpunga, na akasema mpango utabidi uandikwe upya, maji yafungwe yalipo, na mashamba yabaki kuwa mashamba. Watu hawakushangilia. Walipumua tu, wote kwa pamoja, na mimi nikalazimika kutazama dari kwa sababu macho yalikuwa yananisaliti.

Baada ya mkutano nilimshika Mama Atanasia mkono nikampeleka hadi ukutani. Nilikuwa na jambo langu la kumwonyesha. Chini kabisa, kwenye kona, kwa herufi ndogo, kuliandikwa "Uhakiki wa ardhini", na mbele yake jina langu lote, mara ya kwanza katika maisha yangu kuliona limechapwa. Nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena, nikasoma, nikiwa nimejaa sifa mpaka pomoni.

"Ndiye wewe huyo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hongera sana, mwanangu." Akanikumbatia kwa nguvu, akaniachia. Halafu akainua mkono wake, akakipandisha kidole taratibu kutoka kwenye kona ile, akavuka mto pale Kivukoni, akakibandika katikati ya ile njano na kukiacha hapo.

"Wewe wamekuandika pembeni," akasema. "Mimi nimo ndani."